Mechi Moja Mia Tano

Mwalimu Kokushubila alimaliza kuandika hesabu za sehemu ubaoni, akageuka, akaona madawati ya nyuma yana mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wakimtazama kwa ule utulivu wa watu wanaojua jambo na wanaoomba Mungu wasiulizwe.

"Anwar yuko wapi?"

Macho yakashuka kwenye madaftari.

"Jana alikuwepo mpaka mapumziko, akapotea. Leo tena kapotea mapumziko, na wenzake watatu. Huko mapumziko kuna shimo?"

Darasa likacheka. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye hakupenda hesabu lakini alipenda sana haki, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, wapo kwa Mzee Dakika."

"Mzee Dakika ndiye nani?"

"Mwenye banda la gemu. Nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, njia ya machimboni. Mechi yako ikiisha hakuongezei hata dakika moja, ndiyo maana wanamwita hivyo."

Mwalimu Koku, kama wenzake walivyozoea kumwita, alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na mabanda ya gemu. Mwezi uliotangulia alisimama kwenye kikao cha wazazi akawaita wenye mabanda hayo wezi wa watoto. Kina mama walipiga vigelegele, na mwalimu mkuu akamwomba arudie maneno ya mwisho ili waliochelewa nao wayasikie. Kwa hiyo hakukawia. Alimkabidhi kiranja chaki, akachukua mwavuli wake, maana jua la mtaa wa Wazo likichanganyika na vumbi la malori ya saruji halimheshimu mtu, akatoka.

Duka alilolitaja yule msichana alilifahamu. Lilikuwa la Brightson, rafiki wa mumewe. Tangu kampuni ya malori ilipopunguza wafanyakazi, na mumewe huyo, karani Gaudens, akawa miongoni mwa waliopunguzwa, alikuwa akishinda dukani humo. Alisema kiinua mgongo chake amekiingiza kwenye biashara ya saruji na misumari, wamekuwa wabia. Koku hakuwahi kwenda kuona, kwa sababu wao walikaa Boko, na kwa sababu harufu ya rangi humpa kipandauso. Njiani alijikuta hata akifurahi. Watoto wamejificha nyuma ya duka la mume wangu, alijisemea, basi nitapata mtu wa kunisaidia kuwakamata.

Brightson alikuwa akipima misumari. Alipoinua uso na kumwona mlangoni, misumari ikamwagika sakafuni.

"Shemeji! Karibu, shemeji! Baba Hope katoka kidogo tu. Kaenda... kaenda benki."

Kabla Koku hajajibu, sauti ilitoka nyuma ya ukuta, nene, yenye lafudhi ya Bukoba ambayo miaka yote ya Dar es Salaam haikuweza kuifuta. "Dogo, mechi imeisha! Toa mia tano au achia pedi ya gemu! Hapa hakuna cha bure, cha kwa hisani ya watu wa Marekani!"

Koku alikuwa amelala kando ya sauti hiyo tangu alipokuwa binti. Aliiruka misumari, akapita uchochoro, akafunua pazia.

Ndani kulikuwa na giza na joto, na harufu ya soksi. Runinga mbili ziliwaka, uwanja mzima wa mashabiki ukinguruma humo ndani, na wavulana wamebanana kwenye mabenchi, mashati wameyageuza ndani nje ili nembo ya shule isionekane. Bodaboda wawili walikuwa wakisubiri zamu. Katikati yao, juu ya stuli, mkoba wa pesa kiunoni na miwani puani, alikaa Mzee Gaudens.

"Baba Hope," alisema Koku.

Gaudens akasimama. Akafungua kinywa. Na mbele ya wanafunzi wa mkewe, mbele ya bodaboda, mbele ya Brightson aliyekuwa anachungulia kwa nyuma, neno lililomtoka lilikuwa moja tu.

"Shikamoo."

Hata mashabiki wa kwenye runinga walionekana kunyamaza.

"Marahaba," alijibu Koku, kwa sababu alikuwa mwalimu, na salamu haiachwi ikaning'inia. Kisha akageuza uso. "Anwar. Geuza shati lako tuondoke."

*

Jioni ile walikula ndizi kwa maharage bila kuangaliana. Hope, binti yao, aliyekuwa akisoma uhasibu chuoni mwaka wa pili na kurudi nyumbani kila jioni, alikaa katikati kama refa.

"Ulinidanganya," Koku alianza.

"Sikudanganya. Nilikwambia nipo kwa Brightson. Si umenikuta kwa Brightson?"

"Ulisema unauza saruji!"

"Nilisema tunauza. Brightson anauza saruji, mie nauza mechi. Ukitujumlisha, tunauza."

Hope akainamia sahani yake, mabega yakimtikisika.

"Na wewe usicheke," mama yake alimwambia. Akamrudia mume. "Kwenye kikao cha wazazi ulikuja kunichukua, ukakaa benchi la nyuma. Nilipowaita wezi wa watoto, ulipiga makofi. Nilikuona."

"Hotuba ilikuwa nzuri."

"Ulipiga makofi kuwashinda watu wote!"

"Ningekaa kimya wangenishuku."

Koku akaweka kijiko chini. Kuna jambo lilikuwa linamtambaa moyoni tangu mchana, na sasa lilipata njia. Akautazama mtungi mpya wa gesi pale kwenye kona ya jiko.

"Gesi?"

Gaudens akatazama dari. "Gemu."

"Ada ya Hope ya muhula huu?"

"Gemu. Ile ya mpira."

"Kitenge changu cha Pasaka?"

"Hicho ni gemu ya ngumi. Haiuzi sana, ndiyo maana ulipata doti moja."

Hapo Hope alishindwa, akanyanyuka na sahani yake akakimbilia uani, na wakamsikia huko akicheka mpaka anakohoa. Waliobaki mezani hawakucheka. Gaudens akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na alipozungumza tena ile sauti ya mchezo ilikuwa imemwisha.

"Mama Hope, nilizunguka. Nilikwenda Mwenge, nikaenda Mbezi Beach kwenye zile ofisi za vioo. Kila mahali nakuta binti wa umri wa Hope, ananiambia baba, tuma kwa imeili, tutakupigia. Yupo aliyeniuliza kama nimekuja kuomba kazi ya ulinzi. Nikavuta pumzi, nikamwambia hapana mwanangu, mie karani. Akaniambia ulinzi ndio upo. Siku hiyo mvua ikanikuta Mwenge, nikajibanza kwenye banda la gemu. Kijana mwenye banda hakuniuliza umri wala cheti. Alinisogezea stuli tu. Nikakaa pale mpaka mvua ikakatika, nikatazama watu wanaingia wanalipa, wanatoka wanacheka. Nikasema hii kazi naiweza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekubali?"

"Nisingekubali!"

"Basi."

Ile basi ilimuuma Koku kuliko uongo wote. Mumewe alikuwa amemwogopa, kama Anwar alivyomwogopa, na wote wawili wakakimbilia banda lile lile.

"Na wanafunzi?" aliuliza, kwa sauti ya chini. "Pale ukutani nimeona umeandika wanafunzi marufuku."

Gaudens hakutafuta mzaha. "Asubuhi wakubwa wote wako kazini. Umeme unalipiwa, pango la Brightson linalipiwa, na pale hakuna mtu. Walipoanza kuja, nikafumba jicho moja."

"Ukafumba yote mawili."

"Nikafumba yote mawili," alikubali.

Kuanzia kesho yake Koku hakuigusa gesi. Alitoa jiko la mkaa uvunguni, akaliwasha uani, akapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Majirani waliuliza kama gesi imeisha. Alisema haijaisha. Hope alimwambia, "Mama, lakini hata huo mkaa baba ndiye alinunua," naye akamjibu kwamba mkaa ulinunuliwa zamani, wakati baba yake bado ni mtu wa ofisi, na kwamba mwenye kusoma kwa hela ya mpira asimfundishe mtu jambo.

*

Habari za Wazo hazihitaji gazeti. Asubuhi Koku aliingia ofisi ya walimu, na mwalimu wa michezo, kijana mwenye kipara cha kujitakia, akainuka kwenye kiti na kumwamkia kwa heshima iliyopitiliza. Wengine wakajificha nyuma ya madaftari. Koku aliitikia, akaketi, akasahihisha. Mapumziko mwalimu mwingine naye akamwamkia, mtu waliyesoma naye chuo cha ualimu mwaka mmoja. Koku akacheka nao, kwa sababu mtu akichekwa asipocheka atachekwa mara mbili, lakini masikio yalikuwa yakimwaka.

Mwalimu mkuu, Bwana Mwinshehe, mzaliwa wa Kunduchi, hapo jirani, mpole, mtu wa kuongea kana kwamba kila neno anakutandikia mkeka, alimwita pembeni.

"Mwalimu wangu, kikao cha Jumamosi ajenda ni ile ile ya utoro. Nimewaza, kwa hali ilivyo, mada nimpe mtu mwingine. Si kwa ubaya. Kukusitiri tu."

"Unisitiri na nini, Mwalimu? Walioniamkia leo wote wananijua."

"Wazazi wana midomo."

"Wanayo. Na mie ninao. Niachie mada yangu."

Bwana Mwinshehe akamtazama kidogo, akatabasamu. "Basi Mungu akutie nguvu. Maana mama yake Anwar ameshaniuliza kikao kinaanza saa ngapi, na yule hajawahi kuuliza."

*

Ijumaa, baada ya kengele ya kutoka, Koku alijua hawezi kusimama mbele ya watu kusema juu ya kitu alichokiona mara moja tu kwa kufunua pazia. Akaenda tena. Safari hii alipita dukani, akamsalimia Brightson, ambaye alisimama kama askari wa gwaride, akapita nyuma.

Bandani hakukuwa na mtoto hata mmoja. Kulikuwa na wapakiaji wa saruji wenye vumbi kwenye nyusi, fundi mwashi na mwiko wake umelala chini ya benchi, na bodaboda. Wote wakaacha kelele. Gaudens akasimama, na safari hii kwa busara hakusema kitu.

"Endeleeni," Koku alisema. "Nimekuja kuona."

Gaudens akamsogezea stuli yake. Kwa kuwa mkewe hakufoka, akapata ujasiri, akatoa chini ya meza boksi la CD na kuanza kumwonyesha moja moja, kwa ule utaratibu wake wa kiofisi. Muuzaji wa Kariakoo alimwapia kwamba ndizo gemu zinazoongoza kwa kuuzwa. Kulikuwa na ya magari, ya ngumi, ya vita, na moja ya mtu anayetembea peke yake kwenye msitu na jiji lililobomoka, akitafuta kitu ambacho mpaka leo Gaudens hajakielewa.

"Hii ya msitu nilinunua ghali kuliko zote," alisema. "Yule muuzaji aliniambia huko duniani watu wanaipangia foleni. Hapa Wazo aliicheza mtu mmoja, akaniambia mzee, mbona huyu bwana anatembea tu, mie natembea kutwa. Nikairudisha kwenye boksi. Watu wanataka mpira. Mpira ndio ugali, Mama Hope. Hizi nyingine zote ni mboga."

"Na mwaka kesho?"

"Mwaka kesho wanatoa mpira mwingine, na ukibaki na wa zamani wateja wanakukimbia. Wachezaji wamehama timu, wao hawataki kumwona mtu kwenye jezi ya mwaka jana."

Koku akasikiliza, na akiwa hataki, akaona jambo. Mumewe alikuwa akiongea kama zamani alivyokuwa akiongea juu ya malori: lipi limefika Tunduma, lipi limekwama Mikumi. Mgongo umenyooka.

Kijana mmoja wa bodaboda akamgeukia. "Mwalimu, shikamoo. Hunikumbuki? Mbwana. Ulinifundisha la tano."

"Mbwana wa kunusa chaki?"

Banda zima likaangua kicheko, na Mbwana mwenyewe akacheka kuliko wote. "Huyo huyo. Mwenzangu kapata abiria, kaniacha na mechi nimeshailipia. Nishikie pedi, Mwalimu. Hela isipotee."

"Mie?"

"Hicho cha kushoto wanakimbia. Hiki cha chini unapasia. Cha pembeni unapiga golini. Basi."

Alitaka kukataa. Alikuwa na neno la kukataa tayari ulimini. Lakini pedi ilikuwa imeshafika mkononi, yenye joto la mikono ya watu, na kule kwenye runinga mtu mdogo mwenye jezi ya bluu alikuwa amesimama na mpira anamsubiri yeye. Koku akabonyeza. Mtu mdogo akakimbia upande usio wake. Banda likapiga kelele, "Siko huko, Mwalimu, siko!" Akamgeuza. Akanyang'anywa. Akafungwa bao, akafungwa la pili, akajifunga mwenyewe la tatu kwa kudhani anapasia golikipa. Mkoba wake ulikuwa umeanguka sakafuni bila yeye kujua. Kisha, dakika za mwisho, kwenye purukushani ya kona, akabonyeza vyote kwa pamoja, na mpira ukagonga kichwa cha mtu, ukagonga mwamba, ukaingia.

"Waitu!" Koku alipiga ukelele wa Kihaya ambao tangu ahitimu ualimu hakuwahi kuupiga mbele za watu. Alikuwa amesimama. Wapakiaji wa saruji walikuwa wakimpigia makofi, fundi mwashi akampa tano, naye akampa tano. "Rudisha! Anza tena, Mbwana, hii ilikuwa ya kujifunza!"

"Mechi imeisha," alisema Gaudens kutoka nyuma, kwa mazoea. Kisha akauma ulimi.

Koku akaketi taratibu. Akamrudishia Mbwana pedi, akaokota mkoba wake.

Walirudi nyumbani pamoja. Walipofika getini ndipo aliposimama.

"Baba Hope, mie siku zote nilidhani wale watoto ni wavivu tu," alisema. "Sikujua kwamba kile kitu ni kitamu kiasi kile. Mtoto akishakionja hicho, mie nitamwita na nini? Na sehemu na desimali?"

"Ndiyo maana nakwambia ina wateja."

"Ndiyo maana nakwambia hawafai kukigusa asubuhi," alisema Koku. Gaudens alimfungulia geti, akamwacha atangulie.

*

Jumamosi chumba cha darasa la saba kilijaa mpaka madirishani. Kina mama walioacha biashara zao, kina baba waliovuta viti kutoka darasa la jirani, watu wasio na mtoto hata mmoja katika shule ile, wote walikuja kwenye ajenda ya utoro. Gaudens alikuja amevaa suti yake ya kanisani. Safari hii hakukaa nyuma. Alikaa benchi la mbele, magoti yamebana, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Koku hakuwahi hata kufika katikati ya utangulizi wake. Chausiku, mama yake Anwar, muuza mihogo ya kukaanga, mwanamke ambaye hakuhitaji kipaza sauti, alikuwa ameshasimama.

"Mwalimu, samahani nikukate. Mwezi uliopita ulituambia wenye mabanda ni wezi wa watoto. Tulikupigia vigelegele, mie mwenyewe sauti ilinikauka. Sasa naomba kuuliza. Mwizi aliyemwiba Anwar wangu, usiku analala wapi?"

Chumba kikalipuka. Watu waligonga madawati. Bwana Mwinshehe akainua mikono kutuliza na hakuna aliyemwona. Koku alisubiri, kama anavyosubiri darasa la sita, mpaka kelele zikajichosha zenyewe.

"Analala kwangu," alisema. "Upande wa ukutani."

Wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa cha aina nyingine, na alikisikia.

"Nilisema wenye mabanda ni wezi wa watoto. Neno langu sijalifuta. Nimegundua tu kwamba mmoja wao namfulia mashati. Nilikuwa sijui, na kutojua huko ni aibu yangu, na mmenicheka wiki nzima, hiyo haki yenu. Ila hela yenyewe nimeila. Binti yangu anasomeshwa nayo. Sitasimama hapa nijifanye malaika. Mwenyewe yupo, ana suti, mwulizeni."

Gaudens akasimama. Aliomba radhi kwa maneno machache, bila kuweka mzaha hata mmoja, na kwa waliomjua hilo lilikuwa jambo zito. Alisema alifumba macho asubuhi kwa ajili ya hela. Alisema kama kikao kinataka afunge, atafunga Jumatatu.

"Afunge!" mzee mmoja akasema.

"Afunge ndio nini?" Chausiku akamgeukia. "Akifunga yeye, wataenda lile la kule barabara kubwa. Wavuke malori. Anwar wangu nimpoteze kwa gemu au kwa lori? Bora hapa ninapoweza kumkuta."

"Basi afungue saa kumi jioni, shule ikishatoka," alisema Bwana Mwinshehe. "Na mtoto wa msingi asiingie bila mzazi."

"Nani atasimamia? Yeye?" Chausiku akamnyooshea Gaudens kidole. "Huyu anayemwogopa hata mkewe? Mtoto akimlilia tu, huyo kafungua."

Gaudens akainamisha kichwa, maana ilikuwa kweli.

"Funguo nikae nazo mimi," alisema Chausiku. "Nahamishia karai langu pale mlangoni pake. Saa kumi nafungua, na kabla ya saa kumi, atakayesogea na sare ya shule atanikuta na mafuta ya moto. Na nafasi ya karai silipii."

Ilipigwa kura kwa kunyoosha mikono. Gaudens naye alinyoosha, na watu wakamcheka kwa kuwa alinyoosha yote miwili.

*

Mambo hayakwenda kama asali. Asubuhi za watoto zilikuwa zimeleta pesa kuliko Gaudens alivyokuwa akikiri, na zilipoondoka, pengo lilionekana. Ilibidi seti moja, runinga na kila kitu chake, iuzwe kwa kijana wa Tegeta ili muhula wa Hope usikwame. Gaudens alipoisindikiza mpaka kwenye bajaji alijifuta uso akasema ni vumbi. Wanafunzi wawili walihamia banda la barabara kubwa, na Chausiku aliwafuata huko mwenyewe na mwiko wake. Aliporudi nao hakusema alimwambia nini mwenye banda, lakini mwenye banda naye tangu siku hiyo akawa anafungua jioni.

Lakini mihogo ilivuta watu. Mpakiaji aliyekuja kula alibaki kucheza, na aliyekuja kucheza alinunua mihogo. Anwar alirudi darasani, akakaa dawati la mbele kwa amri, na mtihani wa kati ya muhula alipata alama ambazo si za kusifia lakini hazikumaliza wino wa kalamu nyekundu. Koku aliirudia gesi yake siku mvua ilipolowanisha mkaa, na hakuna aliyethubutu kusema neno. Na Jumapili moja baada ya ibada Chausiku aliwaazima funguo, wakaingia wawili tu, mume na mke, kwa nguo za kanisani, na walipotoka Gaudens alikuwa amefungwa mechi tatu.

Jumatano moja Koku alimaliza vipindi mapema. Alipita uchochoro haraka haraka, mkoba kwapani, akitarajia kupata mechi mbili kabla wateja hawajajaa. Mlango ulikuwa umefungwa kufuli. Mbele yake lilikaa karai linachemka, nyuma ya karai alikaa Chausiku, na funguo zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la khanga yake.

"Bado, Mwalimu," alisema Chausiku bila kuinua macho.

"Mama Anwar, mie ni mke wa mwenye banda."

"Mwenye banda mwenyewe yule pale."

Koku akageuka. Kwenye benchi la nje, kati ya Mbwana na fundi mwashi, Gaudens alikuwa ameketi kivulini, kofia magotini, anasubiri kama watu wengine.

"Nimembembeleza," alisema. "Kaniambia kura ni kura."

Alisogea, akampa mkewe nafasi. Koku akaketi. Akanunua mihogo ya wote wawili, akaomba pilipili ya kuongeza, wakala kwenye kipande kimoja cha karatasi.

"Leo nachukua timu nyekundu," alisema Gaudens.

"Chukua tu," alisema Koku, akilamba chumvi kidoleni. "Kikubwa usiniombe huruma mbele ya watu."